Mke wa Mzee Mboje

Ovaroli la Mzee Mboje lilikuwa kubwa mno. Miguu niliikunja lakini bado ilikokota vumbi, na kwenye mfuko wa kifuani mlikuwa na kitambaa chake cha kufutia grisi, kimekauka mpaka kimekuwa kigumu kama chapati ya jana. Nilikuwa nimesimama kando ya kaburi lililo wazi, Nkololo nzima imenigeukia: wanawake wamejifunga kanga viunoni, wanaume wa jineri wamesimama karibu na lori lililowaleta kutoka Bariadi. Bibi Elina, mjane mwenyewe, ndiye aliyenivika. Alivifunga vifungo kimoja kimoja huku machozi yakimtiririka, kisha akanisukuma mgongoni taratibu.

“Haya, mke mwenzangu,” akasema. “Tuchekeshe.”

Kwetu mjukuu ni mtani wa babu yake, na utani huo haukomi mzee anapokufa. Babu humwita mjukuu wa kike mke wake, mjukuu naye humjibu kwamba hawezi kuolewa na kibogoyo, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Siku ya mazishi wajukuu ndio wanaovaa nguo za marehemu, wakatembea alivyotembea, wakakohoa alivyokohoa, wakadai kuku kabla jeneza halijashushwa. Watu hucheka huku wanalia, na mzee anakwenda zake kwa amani. Nilikuwa nimeshalifanya hilo kwa babu yangu mzazi na watu wakavunjika mbavu. Lakini kwa Mzee Mboje nilisimama pale ulimi umekauka, maana sikujua kama nilikuwa nimefiwa au nilikuwa na hasira.

Alikuwa binamu wa babu yangu. Kwa hesabu za ukoo, basi, naye alikuwa babu. Ila kwangu alikuwa kwanza fundi mkuu wa jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba nilichoajiriwa nikiwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu ndani ya bahasha ya plastiki. Ninakumbuka asubuhi ile ya kwanza kuliko ninavyokumbuka kipaimara changu. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye marobota wakinywa chai, na nilipopita mmoja akapiga mluzi. Paschal wa presi, ile mashine inayobana pamba kuwa marobota, akauliza kwa sauti ya kumfikia kila mtu: “Huyu amekuja kufunga marobota au kufungwa yeye?”

Walicheka sana. Nilijitia sikusikia, masikio yakiniwaka moto. Ndipo chini ya mtambo ikatoka miguu, ikafuata tumbo, kikafuata kichwa cheupe kwa nyuzi za pamba. Nilimtambua kwa kumwona kwenye misiba na harusi za kwetu. Nikapiga goti palepale kwenye sakafu yenye grisi, kama nilivyolelewa, nikamwamkia babu kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, guku.”

“Mhola. Wewe si wa Mayige wa Ngulyati?”

“Ndiye baba yangu.”

Mzee Mboje akakohoa mara mbili, akapandisha suruali, akawageukia wenzake. “Mnamwona huyu? Huyu mke wangu! Atakayemchezea atanilipa ng'ombe, na ndama sipokei.”

Kicheko kikabadilika. Hata mimi nilikisikia kikibadilika, kikawa cha nyumbani, cha watu wanaojuana. Paschal aliinua kikombe na kuniita shemeji. Tangu siku hiyo, nakuambia, hakuna mwanaume aliyenigusa hata ukucha. Nilipita katikati yao na bomba la grisi begani, nikalala chini ya mitambo, nikapanda ngazi, na hakuna aliyethubutu, kwa sababu nilikuwa mke wa mzee.

Nancy hakuwa mke wa mtu. Alifanya kazi kwenye mizani ya malori, mtoto wa mji wa Mwanhuzi, hana ndugu hata mmoja pale kiwandani. Madereva walimshika kiuno wakimpa karatasi za mzigo, na msimamizi wake alimwambia apunguze ukali, wateja wanalalamika. Mchana mmoja tulikula pamoja kivulini mwa ghala. Aliacha kula katikati, akanitazama muda mrefu.

“Feli,” akaniuliza, “na asiye na babu hapa afanyeje?”

Nilimwambia asijali, nitamwomba mzee amtanie na yeye. Nilidhani nimempa jibu zuri. Nancy alifunga kibakuli chake, na kabla msimu haujaisha alikwishaondoka.

Mzee alinifundisha kazi, hilo nitalisema hata mbele ya padri. Alinifundisha kusikiliza rola. Rola ya ngozi inapovuta nyuzi na kisu kikakaa sawasawa, mtambo unanguruma kwa utulivu, kama mtu anayekoroma usingizi mzuri. Kisu kikikaza unasikia kakilio kembamba ndani yake, na baada ya kakilio hunuka ngozi inayoungua. “Umesikia?” alikuwa akinipigia kelele sikioni. Mwanzoni sikusikia chochote. Msimu uliofuata nikawa nasikia kabla yake, na alipenda. Aliwaambia watu, “Mke wangu ana masikio.”

Hapo ndipo ilipokuwa tabu, ingawa wakati ule sikuiona. Nilipofunga mkanda uliowashinda mafundi wa kuitwa kutoka nje, walisema mke wa mzee ana mkono wa baraka. Wageni walipokuja ofisini kuonyeshwa mitambo, Bwana Mustapha, meneja wetu, alimtambulisha kila fundi kwa jina na kazi yake, na alipofika kwangu akatabasamu: “Na huyu ndiye mke wa Mzee Mboje.” Wageni wakacheka. Nami nikacheka, nikawajibu kwamba mume mwenyewe hana meno, na wakazidi kucheka. Nilikuwa hodari wa kujibu. Nilikuwa hodari kuliko nilivyojua.

Mzee alipokaribia kustaafu ilijulikana kwamba zamu yake itahitaji msimamizi. Sikuwa na papara. Yakobo ndiye aliyekuwa mwenzangu kwenye zamu ile, kijana mzuri, mpole, lakini kazi nilimfundisha mimi. Nilimfundisha kupima nafasi ya kisu, nilimfundisha kubadilisha beringi. Nyumbani Ngulyati mama alikwishaanza kuwaambia majirani kwamba binti yake atakuwa bosi wa wanaume, nami nilimkataza kwa mdomo tu. Nililitaka lile jambo. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka ile zamu.

Bwana Mustapha alituita uani, wote, wa presi, wa ghala, wa mizani. Alimshukuru mzee, akampa redio na blanketi, tukapiga makofi. Kisha akasema kitu ambacho hakuna aliyekitegemea.

“Mimi ni mtu wa ofisini. Mitambo anaijua mzee. Mzee, tuambie wewe mwenyewe, zamu yako unamwachia nani?”

Watu walinigeukia. Siyo mimi ninayejidanganya, waligeuka kweli, hata Yakobo.  Mzee Mboje akakohoa mara mbili, akapandisha suruali. Akanitazama. Uso wake ulikuwa mzito kidogo, na kwa kitambo kile kifupi niliamini atalitamka jina langu, lile nililobatizwa.

“Mke wangu ninaondoka naye,” akasema. “Nani atanisongea ugali kule Nkololo? Zamu mpeni Yakobo.”

Uwanja mzima uliangua kicheko. Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linalonichanganya mpaka leo kuliko mengine yote: mdomo wangu ulicheka wenyewe, kwa mazoea, na nikasikia sauti yangu ikisema, “Ugali gani, na meno huna!” Bwana Mustapha alicheka mpaka akavua miwani. Jambo likaisha hivyo, kwa furaha, watu wakampongeza Yakobo, na mimi nikampongeza.

Ningemkasirikia nani? Nilipanda baiskeli nikarudi nyumbani nikijiuliza. Mzee hakunitukana. Alinitania, na utani ndio ulionilinda miaka yote ile. Labda alitaka kunikinga na lawama za usimamizi. Labda hakufikiri kabisa, ulimi ulimtangulia kama ulivyonitangulia mimi. Au labda alinipenda kama mjukuu na hakuwahi, hata siku moja, kuniona kama fundi. Kila jibu lilikaa sawa nilipolitazama, na nilipoligeuza likakaa kombo. Mama aliponiuliza nilimwambia nimechoka, nikaingia kulala na mchana wote umebaki.

Nilivumilia wiki kadhaa, kisha nikamfuata Nkololo. Nilimkuta uani kwake anagongagonga plau, ng'ombe wamerudi, Bibi Elina anaanika michembe ya viazi juu ya jiwe.

“Mke wangu huyo!” akapaza sauti. “Umechelewa, nimekwisha kula kwa mwenzako.”

Nikapiga goti, nikamwamkia. Nilipoinuka nikasema, “Guku, leo sitanii.”

Nyundo ikasimama. Bibi Elina naye aliacha viazi vyake, akatutazama. Sijui kama mtu aliwahi kumwambia mzee yule maneno hayo.

“Unataka niseme nini?”

“Kwa nini hukunitaja?”

 Alichagua msumari, akautazama, akaurudisha.

“Ningekutaja wangecheka,” akasema mwishowe. “Ningesema Felisita, wangecheka vilevile. Wangesema mzee anamwachia mkewe. Nikaona heri niwachekeshe mwenyewe.”

“Na nani aliyewafundisha kucheka?”

 Alipokea swali langu kama mtu anayepokea mtoto wa wenyewe, hajui amweke wapi. Nikamwona amezeeka, mikono yake myeusi kwa grisi isiyotoka tena, na nikamhurumia, na nilipomhurumia nikachukia zaidi. Aliinama kwenye plau.

“Yule Yakobo,” akasema bila kuniangalia, “hasikilizi rola. Anasikiliza simu.”

Kumbe alijua! Bora angeniambia Yakobo ananizidi. Nilimuaga kwa adabu zote, Bibi Elina akanifungia michembe kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka njiani. Hakuniita mke mwenza siku ile. Nilikwenda nikibishana na watu wawili kichwani, mmoja akisema mzee yule alikulinda, mwingine akisema mzee yule alikufunga, na wote wawili walikuwa na sauti yangu.

Msimu haukufika nusu, tukaletewa habari kwamba Mzee Mboje amelala na hakuamka.

Ndiyo maana nilisimama kaburini ulimi umekauka. Kila mtu alikuwa akingoja. Hata mtoto mchanga aliyekuwa akilia alinyamazishwa. Nikaona nikiendelea kusimama hivyo nitamwaibisha bibi, basi nikakohoa mara mbili na kupandisha suruali.

Kicheko kilipasuka papo hapo. Ikawa rahisi. Nilitembea kwa magoti ya nje, kama yeye. Niligonga jeneza kwa ncha ya kidole nikaweka sikio, nikauliza, “Nani kazima mtambo wangu?” Akina mama walipiga vigelegele na kulia. Nilimwambia Paschal kwamba bado ananidai kikombe cha chai na aje akichukue huku nilipo, Paschal akaruka nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. Nilikuwa nacheza vizuri. Nilijisikia vizuri hata nikaona aibu. Kisha macho yangu yakamwangukia Bwana Mustapha, amesimama na kofia yake mkononi, akitabasamu.

“Mustapha!” nikamwita, kwa sauti ile nzito ya mzee. “Siku ile niliulizwa nikajibu ovyo. Zamu yangu namwachia Felisita binti Mayige. Siyo kwa sababu ni mke wangu. Kwa sababu kazi anaijua.”

Sauti ilinikatika mwishoni, ikawa yangu. Sikuwa nimepanga kusema hivyo, naapa. Pakawa kimya, punje tu ya kimya, nami nikadhani wamenisikia.

Halafu walicheka. Walicheka kuliko walivyokuwa wamecheka siku yote. Paschal alishikilia bodi ya lori, machozi yanamtoka. Bwana Mustapha alivua miwani. Hata Bibi Elina alicheka, kanga mdomoni, akinitazama kwa macho ambayo hayakuwa yakicheka. Wangecheka vilevile, mzee alisema, na sasa nilikuwa ndani ya nguo zake nikishuhudia alivyosema kweli. Nikashika kuku niliyepewa, nikasogea pembeni, jeneza likashushwa.

Ni Yakobo peke yake ambaye hakucheka. Nilimwona ameinamisha kichwa, nikadhani ameumia. Sikujua kwamba ameogopa.

Tuliporudi kazini mambo yake yalimwendea mrama. Beringi ilisagika. Mkanda ulikatika. Kila aliposhika mtambo, unasimama, na kila uliposimama wanaume walitazamana. Mmoja alisema mzee hajaridhika. Mwingine alikumbusha maneno yaliyosemwa kaburini, na wale wale waliocheka mpaka wakashikilia lori sasa wakawa wanayarudia kwa sauti ya chini, neno kwa neno. Yakobo alinifuata stoo, amekonda.

“Dada Feli, nakuomba. Mwambie aniache.”

“Nani?”

“Mzee.”

Nilimtazama nikajua hatanii. Nikatoka naye mpaka kwenye mtambo, nikasikiliza. Kakilio kale kembamba kalikuwemo, na harufu ya ngozi ilikuwa imeanza. “Visu umevikaza mno, Yakobo. Rola inaungua, na ikivutana hivyo mkanda lazima ukatike. Nilikufundisha.” Nikavilegeza, nikamwambia awashe. Mtambo ukanguruma kwa utulivu. Nilimgeukia nikitegemea ameelewa, nikamkuta ananitazama ovaroli, kifuani, penye ule mfuko wa kitambaa. Nilikuwa nimelivaa la mzee. Bibi Elina alinipa, na langu lilikuwa limechanika.

Alikwenda ofisini mwenyewe. Bwana Mustapha aliniita, akanikaribisha kiti, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

“Mimi mambo ya mila siyajui, Felisita,” akasema. “Ila mzee alishasema. Ichukue zamu.”

“Bosi, ni visu tu. Vilikuwa vimekaza.”

“Ndiyo, ndiyo,” akasema, akinipa mkono. “Mzee alishasema.”

Kwenye grupu la WhatsApp la kiwanda walimimina pongezi. Hongera mrithi. Hongera mjane wetu. Mzee kamwachia mkewe. Mama alipiga kelele za furaha mpaka majirani wakaja, akaniuliza mbona sifurahi, nikamwambia nafurahi. Na kweli nilikuwa nafurahi. Kitu nilichokitaka kuliko vyote kilikuwa mkononi mwangu, nikawa nakigeuzageuza kutafuta mahali palipoandikwa jina langu. Niliipata zamu kwa kazi? Kwa utani? Kwa woga wa mtu aliyekufa? Nimeisimamia misimu kadhaa sasa, mitambo inakwenda, wanaume wananisikiliza, na bado wakibishana na amri yangu mmoja wao huwaonya wenzake kwamba mzee anasikia. Hapo hunyamaza na kufanya nilivyosema. Kuna siku natamani kuwafokea. Kuna siku, kukiwa na haraka, nakohoa mara mbili.

Mwezi huu tumeletewa fundi mpya, Muzdalifa, mtoto wa duka la vitambaa pale sokoni Bariadi. Baba yake ni mtu wa Kigoma, mama yake wa Tanga. Hakuna hata ukoo mmoja wa Simiyu unaoweza kumdai. Alikuja asubuhi na hijabu yake ameifunga vizuri nyuma, bahasha ya plastiki mkononi, na wanaume walikuwa kwenye marobota wanakunywa chai. Mluzi ukapigwa. Nilikuwa chini ya mtambo. Nikatoka, miguu kwanza.

Paschal, nywele zimeshaingia mvi, alinitazama kwa furaha, kama mtu anayengoja ngoma anayoijua. “Haya, mama wa zamu,” akasema. “Na huyu naye ni nani wako?”

Jibu nilikuwa nalo tayari. Lilinijia ulimini lenyewe, limenona, tena lingewachekesha kweli: mkwe wangu, nimemposea kijana wangu, atakayemchezea atanilipa ng'ombe. Lingemfunika tangu siku hiyo, hakuna ambaye angemgusa hata ukucha. Muzdalifa alinitazama, amebana bahasha yake kifuani. Nikamwona Nancy akifunga kibakuli.

“Ni fundi,” nikasema.

Wakangoja nimalizie. Vikombe vilikuwa vimesimama hewani, midomo imekaa tayari kwa kicheko. Sikuwa na la kuongeza. Paschal aligeuka kuwatazama wenzake, akarudi kunitazama mimi, kisha akaweka kikombe chake chini kabla hajakimaliza. Sikujua kama nimemlinda yule binti au nimemwacha peke yake katikati ya uwanja. Nilitoa kile kitambaa kwenye mfuko wa kifuani, nikafuta mikono, nikawasha mtambo, nikamwambia aweke bahasha yake pembeni aje asikilize rola.

“Umesikia?” nikampigia kelele sikioni.

Akatikisa kichwa. Hakusikia chochote.